Darasa ni Duka au ni Nyumba?

Katika mambo yanayomkosesha usingizi mwalimu mwenye dhamiri, sidhani kama lipo linaloshinda suala la haki. Hesabu ina jibu lake, sarufi ina kanuni zake, na hata mtoto mtundu ana dawa yake. Lakini haki darasani huteleza kama kambale mkononi. Unadhani umeishika, kumbe umeshika maji.

Nilifanya kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka 35, kwanza katika shule za msingi, kisha nikiwa mwalimu mkuu, na mwishowe nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Sasa nimestaafu, umri umepita miaka 70, na nafasi ya kufikiri ni kubwa kuliko nguvu za kutenda. Swali ninalotaka tulijadili, msomaji mpenzi, niliulizwa mara nyingi na wanachuo waliporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila aliyeliuliza alitumia takribani maneno yaleyale: "Mwalimu, nina watoto 80 darasani. Yupo mmoja hashiki neno. Nikimfundisha leo, kesho amesahau. Nikimtengea muda wake peke yake, je, sitakuwa nimewaibia wenzake 79?"

Swali hili lisidharauliwe. Anayeuliza hivyo si mvivu, bali ni mtu anayeogopa kupendelea, na kuogopa kupendelea ni mwanzo mzuri wa ualimu. Hata hivyo, kabla ya kumjibu yatupasa tumfahamu kwanza mtoto mwenyewe, maana hukumu isiyomjua mhukumiwa si hukumu.

Katika shule moja niliyoiongoza miaka ya 1980 alikuwapo mvulana wa darasa la tatu ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa sasa ni mtu mzima mwenye familia yake. Mama yake akimtuma dukani vitu vinane bila karatasi, alirudi navyo vyote vinane, na chenji haikupungua hata senti. Akisimuliwa hadithi ya Sungura na Fisi mara moja, aliisimulia tena bila kuruka tukio. Kwa vitendawili aliwashinda wakubwa zake. Lakini neno "kuku", alilolisoma vizuri saa mbili asubuhi, ilipofika saa sita mchana lilikuwa geni kwake kama mtu aliyeteremka kwenye basi sasa hivi. Akiambiwa aandike "baba", aliandika "dada", na darasa zima likacheka. Watoto wengi wanaoanza shule hugeuza herufi hivyo, na baada ya muda huacha. Yeye alikuwa katika mwaka wake wa tatu na hajaacha.

Siku moja baba yake, fundi seremala, alikuja ofisini kwangu. Alinisalimu kwa adabu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu Mkuu, mtoto huyu nimemkubali alivyo. Maandishi hayamwingii. Niruhusu nimchukue nikamfundishe randa na msumeno, asipoteze miaka minne mingine kwa kuchekwa." Hakusema kwa hasira. Ilikuwa huruma ya mzazi aliyechoka kumwona mwanawe akirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Nilimwomba anipe mwaka mmoja, naye akanipa.

Hali ya mtoto kama huyu wataalamu huiita disleksia. Neno hilo lilibuniwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za mvulana wa miaka 14, mwenye akili timamu na macho mazima, aliyeshindwa kabisa kujifunza kusoma. Mwalimu wa mvulana yule alishuhudia kwamba lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka 120 imepita tangu hapo, lakini mwalimu wa Kitanzania akiisoma habari hiyo leo atadhani inamhusu mtoto wa dawati lake la tatu.

Madaktari wale wa zamani waliiita hali hii upofu wa maneno. Siku hizi inafahamika kwamba kwa wengi wao tatizo haliko machoni. Liko katika namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha: kuzipambanua, kuzikata vipande, na kuzifunga na alama zilizoandikwa karatasini. Aghalabu hali hii hufuata ukoo. Haitokani na malezi mabaya, wala laana, wala kulogwa, na haipimi akili ya mtu. Ndiyo maana mvulana yule aliweza kukumbuka vitu vinane vya dukani na asikumbuke herufi nne za "kuku". Vitu vya dukani vilikuwa na maana, sura na harufu. Herufi zilikuwa alama zisizoshikamana na sauti yoyote kichwani mwake. Alikuwa kama mtu aliyepewa mzigo wa kuni bila kamba. Kila akiuinua, unamwagika.

Sasa tuirudie haki, na tuanze na ile iliyo ndogo zaidi, yaani haki ya kutosingiziwa. Mtoto wa namna hii hushtakiwa uvivu. Nami husema kwamba uvivu ni shtaka kama mashtaka mengine, nalo lahitaji ushahidi. Mtoto mvivu hukwepa kazi ya kusoma, na pia hukwepa kufagia, kuchota maji na kusikiliza. Mtoto huyu hutoa jasho juu ya ukurasa mmoja kuliko wenzake juu ya kurasa kumi, na mwisho wa siku ndiye anayeitwa mzembe. Hatumlaumu kiwete kwa kushindwa mbio, kwa sababu mguu wake tunauona. Je, ni haki kumlaumu mtu kwa sababu tu kasoro yake imejificha? Kiboko kinaweza kumfanya mtoto akae kimya, lakini hakiwezi kuifunga sauti na herufi. Tena hofu hula nafasi ileile ya akili ambayo ingeshika neno.

Nikumbushe pia kwamba babu zetu hawakumpima mtu kwa karatasi. Mengi ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalidumu katika vichwa na vinywa vya watu, hata yalipokuja kukusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Waliokuwa wakiyahifadhi hawakuulizwa kama wanajua kuendeleza maneno. Shule ilipokuja iliifanya karatasi kuwa mlango wa elimu, na hilo ni jema kwa sababu nyingi. Lakini tusisahau kwamba mlango si nyumba. Aliyeshindwa kufungua mlango hajathibitika kuwa hastahili kukaa ndani.

Baada ya hayo ndipo tunapoweza kumjibu mwanachuo wetu. Nadhani kosa la swali lake liko katika picha aliyonayo ya haki. Anaiona kama kibaba cha dukani. Muuza duka mwaminifu hutumia kibaba kimoja kwa wateja wote. Tajiri na maskini, ndugu na mgeni, kila mmoja hupimiwa sawasawa, na akibadili kibaba ni mwizi. Hiyo ni haki ya kweli, wala siidharau.

Lakini tuingie nyumbani. Mama amepika. Mtoto mchanga anapewa uji, mwenye homa anapewa mchuzi mwepesi, kijana aliyetoka shambani anajaziwa sahani, na mzee asiye na meno anapondewa ndizi. Hakuna aliyepata sawa na mwenzake, na hakuna anayesema kwamba mama amependelea. Angewapa wote mahindi ya kuchoma, sawa kwa sawa, kila mtu bunzi lake, yule mzee angelala na njaa huku usawa umetimia. Nyumbani haki ni kila mtu kushiba, ingawa chakula hakifanani.

Basi darasa ni duka au ni nyumba? Kwangu mimi, kufundisha ni kazi ya nyumbani. Neno ni chakula, na wajibu wa mwalimu ni kuona kwamba kila mtoto amelipata kwa njia anayoweza kulitafuna. Anayempondea ndizi mzee hajamwibia kijana nyama yake.

Haya si maneno matupu, maana upo mpishi niliyemwona kwa macho yangu. Katika shule ile alikuwapo mwalimu wa kike, mtu mzima, aliyefundisha darasa la pili kwa miaka mingi. Nilimkabidhi mvulana yule kwa dakika 15 kila siku kabla ya kengele ya asubuhi. Hakuwa amesomea elimu maalumu. Alikuwa na sinia la bati, mchanga laini, na subira.

Jambo la kwanza alifunga kitabu. Kwa majuma mawili walicheza na sauti tu. Walipiga makofi kwa kila silabi: ki-ta-bu, makofi matatu. Kisha akamwuliza, "Ukiondoa ki kwenye kitabu, kinabaki nini?" Mtoto akafikiri, akacheka, akasema, "Tabu, Mwalimu!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sababu ya neno, wala si kuchekwa kwa sababu yake.

Baadaye alimwandikisha kwa kidole mchangani, herufi kubwa kubwa, huku akiitamka sauti kwa kinywa. Jicho, sikio, kinywa na mkono vyote vikafanya kazi moja. Njia hiyo haikuwa uvumbuzi wake peke yake. Nchini Marekani daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walijenga ufundishaji wa jinsi hiyo tangu miaka ya 1930. Lakini mama yule hakuwahi kusikia majina yao. Alisema tu kwamba kamba moja ikikatika, mzigo ushikwe na nyingine tatu. Herufi b na d hakuzifundisha siku moja. Alikaa na b mpaka ikakaa, ndipo akamleta d. Vivyo hivyo alizitenga "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe.

Maneno mapya hayakuzidi manne kwa siku. Na hapa ndipo penye siri kubwa ya kukumbuka: maneno yale hakuyaacha. Aliyarudia jioni, kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya juma. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwishaonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda hushinda marudio mengi ya mara moja. Kumwandikisha mtoto neno mara 50 katika saa moja ni kumwagilia mche ndoo kumi leo na kuusahau mwezi mzima. Tena kurudia kwenyewe hakukuwa kutazama tu. Mtoto alilitazama neno, akalisema, akalifunika, akaliandika bila kuliona, kisha akalifunua na kulilinganisha. Ule wakati wa kulitafuta neno kichwani, hata kwa taabu, ndio unaolikaza.

Lugha yetu nayo ilimsaidia. Kiswahili hakina hila katika tahajia: a ni a siku zote, na silabi huishia kwa irabu karibu kila mahali. Maneno yake marefu yanatisha, lakini yamejengwa kwa matofali yanayojirudia. "Tulipowaambia" ni tu, li, po, wa, ambia. Mtoto akishazijua tu na li na po, atakutana nazo tena katika "tulipofika" na "tulipolala". Vilevile akishalishika soma, amekwisha kulishika nusu somo, msomaji na somesha. Kwa Kiingereza safari ni ngumu zaidi, maana huko herufi huandikwa na zisitamkwe. Ndiyo maana watoto wengine hufika darasa la saba wakisoma Kiswahili polepole lakini kwa usahihi, wakaanguka vibaya wanapoingia kidato cha kwanza ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza. Mwalimu wa sekondari asidhani kwamba mtoto ameharibika ghafla.

Mwanachuo wetu atasema, "Mwalimu wako alikuwa na mtoto mmoja na dakika 15. Mimi nina watoto 80." Kweli kabisa. Tangu ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, madarasa mengi yamefurika, kama yalivyofurika wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ulioazimiwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa kuanzia 1977. Simwambii mwalimu atende miujiza. Namwambia mambo mawili tu.

La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya dawa ya mtoto huyu ni chakula kizuri kwa wote. Makofi ya silabi, maneno machache, marudio ya kesho na keshokutwa, kufunika na kuandika: hakuna mtoto kati ya wale 79 atakayedhurika kwa hayo, na wengi watanufaika. Tena watapatikana wengine watano sita waliokuwa wamejificha ndani ya kwaya. Darasa likiimba ba-be-bi-bo-bu kwa sauti moja, mtoto asiyejua hata herufi moja huimba kwa nguvu kuliko wote. Ukitaka kumjua, onyesha bo kabla ya ba, umwulize peke yake, kwa upole, pembeni ya wenzake.

La pili ni kwamba kinachobaki baada ya hapo, zile dakika chache za peke yake, ni gharama kweli, wala sitaificha. Lakini gharama hiyo si wizi. Ni deni, na mdaiwa si mwalimu peke yake. Mwaka 1994, huko Salamanca nchini Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, pamoja na tofauti zao. Nchi yetu ina chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Ikiwa jamii imekiri deni, basi ilipe kwa walimu wa kutosha na madarasa yanayopumua, badala ya kumwachia mwalimu mmoja alilipe kwa mshahara wake na mapafu yake.

Limebaki swali moja, nalo ndilo chungu. Mtihani je? Hapo, nakubali, tumeingia dukani. Mtihani ni kupima, na kipimo lazima kiwe kimoja. Lakini hata dukani, muuzaji mwaminifu hupima kile anachouza. Anayepima mchele pamoja na gunia zito huku akisema ni mchele mtupu, anadanganya. Mvulana yule alifika darasa la saba. Alikuwa akisoma, polepole, akifuata mstari kwa kidole. Mwulize kwa mdomo jinsi mbu anavyoeneza malaria au jinsi maji yanavyogeuka mvuke, angekujibu kama mwalimu. Lakini katika chumba cha mtihani muda ulikwisha akiwa bado anasoma swali, na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache wakati ule, na wengi wasio na tatizo lake hawakuchaguliwa pia. Hata hivyo najua kwamba sayansi yake haikupimwa. Kilichopimwa ni mwendo wake wa kusoma, kisha kikaandikwa kuwa ni sayansi. Kumwongezea mtoto kama huyo muda, au kumsomea swali pale somo linalopimwa si kusoma, hakumpi kibaba kikubwa kuliko cha wenzake. Kunaliondoa gunia juu ya mizani.

Huenda utauliza, basi mwaka ule na sinia lile la mchanga vilimfaa nini, ikiwa hakuchaguliwa? Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu ya shule ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe matayarisho ya sekondari tu. Nami namwona mvulana yule kuwa ushahidi. Alikwenda kwenye karakana ya baba yake, kama baba alivyotaka tangu mwanzo, lakini alikwenda anajua kusoma. Hupokea oda, huandika vipimo vya milango katika daftari lake kwa herufi kubwa kubwa, na husoma mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi, hata kama mteja anatazama saa. Simu yake ikileta ujumbe mrefu, huusoma taratibu mara mbili. Hakuna anayeweza kumwekea karatasi mbele na kumwambia weka dole gumba hapa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nakuomba wewe uliye mwalimu, mzazi au jirani, umtazame upya mtoto anayesahau maneno. Usiulize kwanza kama ana akili. Uliza ni kamba gani ya kufungia mzigo aliyokwisha kupewa. Na kama bado hajapewa, mwite kesho asubuhi kabla ya kengele, mfunge kitabu, mpige makofi pamoja.